Mfafanuzi wa Rangi za Kichina

Jumatatu, 8 Mei 1995

Nimelala na huzuni, nimeamka nayo. Jana banda langu la video lilikuwa karibu tupu, kiasi kwamba mbuzi wa jirani aliingia, akalala katikati ya mabenchi, na hakuna aliyemkanyaga. Kwa Chenge, ng'ambo ya barabara, watu wananing'inia madirishani. Na televisheni ya Chenge ni ya nyeusi na nyeupe! Yangu ni ya rangi. Ya pekee katika mabanda yote ya Kirumba. Nilipopunguzwa kazi ya ukarani kwenye ushirika wa pamba, kiinua mgongo chote kiliingia humo. Ya mtumba, lakini ya rangi.

Chenge hafafanui chochote. Kazi yake kupiga kelele tu: "Mpe! Mpe tena!" Watu wanacheka, wanalipa. Mimi nafafanua. Sinema ya Kichina si ngumi, ni rangi. Nimezichunguza kanda hizi mwaka mzima, bila mwalimu, na siri zao nimezijua. Mfalme huvaa kijani. Wafiwa huvaa samawati. Na bibi harusi, jamani, huvaa nyeusi. Nyeusi tii! Kwa nini? Kwa sababu anaagana na mama yake. Siku ya harusi ni msiba wa nyumba anayoiacha. Nilipoyasema hayo jana, kwenye kanda ya yule binti mfuma hariri, Dorotea alilia mpaka kanga ikalowa. Dorotea ni binti wa mwenye nyumba wangu. Katika mji mzima wa Mwanza nimeeleweka na mtu mmoja.

Mke wangu Rachel ameuliza mbona nyuso za Wachina zina ukijani. Nimemweleza ni baridi ya kwao.

Jumatano, 10 Mei

Aibu.

Ili kuvuta watu niliweka kanda ya mpira, Simba na Yanga. Banda likajaa! Yanga wakatokea na kijani chao, safi kabisa. Simba wakatokea wamevaa nyeusi. Wapenzi wa Simba wakawaka, wakasema nimewatukana makusudi. Nikasema kanda imechoka. Mmoja akasema kilichochoka ni mimi. Wakavuka barabara wote kwenda kwa Chenge, hata wa Yanga.

Nikarudi kwa Wachina wangu. Mwanzoni tu akatokea mzee amevaa samawati. Nikatangaza: huyu ana msiba, na msiba wenyewe utamchukua na yeye. Na kweli, akafa. Nikangoja makofi. Badala yake wateja walitaka kiingilio chao, kwamba nimewamalizia sinema kabla haijaanza. Nikikosea nagombezwa. Nikipatia nagombezwa.

Mzee Masalu, mwenye nyumba, alipita baadaye. Akasema mwezi ukiisha banda anampa Chenge, kwa sababu Chenge anajaza. Nilimwamkia shikamoo mara mbili. Aliitikia moja.

Ijumaa, 12 Mei

Mungu yupo!

Mzee Masalu anavunja mawe kwenye vilima vya Ilemela, anauza kokoto. Kuna kampuni ya Kichina inayojenga barabara na inatafuta kokoto. Basi amemwalika mkuu wao, Injinia Wu, awe mgeni rasmi kwenye sherehe ya kumuaga Dorotea, Jumamosi ya wiki ijayo. Dorotea anaolewa na Bwana Mhoja wa Magu, mtu mwenye ng'ombe wengi na umri wa baba mkwe wake.

Na msemaji wa shughuli ni nani? Chenge! Atamwambia nini Mchina? "Mpe tena"?

Nilikwenda kwenye kamati bila kuitwa. Nikaomba dakika moja, nikazungumza mpaka chai ikapoa. Nikauliza nani hapa anajua rangi ya heshima kwa Mchina. Nani anajua rangi ya kumtia huzuni? Nikawamwagia yote. Mzee Masalu akaacha kutafuna. Akauliza kama injinia akiona mambo ya kwao yamefanywa kwa usahihi atatia sahihi ya kokoto. Nikasema atalia kwanza, ndipo atie sahihi.

Chenge ameondolewa. Mimi ndiye msemaji na mpambaji. Na banda linabaki kwangu mambo yakienda vizuri! Nimepita mbele ya banda lake polepole, mikono nyuma.

Jumanne, 16 Mei

Kazi imepamba moto, ila moyo haujatulia. Nikishangilia sana huwa kuna kitu kinakuja.

Rachel anashona kofia mbili za kijani kibichi, moja ya mgeni, nyingine ya akiba. Kofia za kifalme, kama kwenye kanda. Ameuliza kama nimewahi kuzungumza na Mchina yeyote, hata wa kupita. Nikamwambia nimezungumza nao kila siku mwaka mzima. Akasema hapana, wao ndio wamezungumza. Akaendelea kushona.

Ugumu ulikuwa nguo ya bibi harusi. Mzee Masalu aliposikia nyeusi aliruka. Mkewe alishika kifua. Nikaeleza habari ya msiba wa nyumba anayoiacha. Wakakataa. Nikataja kokoto. Mzee akatazama dari, akauliza kama haiwezekani hata bluu ya giza. Hapo Dorotea mwenyewe akasema, kwa sauti ndogo, kwamba yeye atavaa. Kwamba amelielewa somo langu. Mzee akakubali, kwa sharti kwamba watu wa Magu wasijue mpaka aingie.

Mwanafunzi bora niliyewahi kumpata.

Jumapili, 21 Mei

Jana sikuweza kuandika.

Asubuhi palikuwa pazuri. Turubai limesimama, viti vimepangwa, pilau inanukia mpaka soko la Mwaloni. Kasoro ndogo tu: dada mkubwa wa Bwana Mhoja, mama wa heshima zake, alikuja na gauni la samawati. Rangi ya wafiwa, meza ya mbele! Nilimsihi abadilishe. Akaniuliza abadilishe na nini, na Magu ni mbali. Ikabidi nimhamishie nyuma, karibu na masufuria, ili asimtie mgeni huzuni. Alinitazama sana. Alikwenda.

Injinia Wu akafika, mtu mpole, mfupi, pamoja na mkalimani wake Luhaga, Msukuma aliyesoma Uchina. Mbele ya umati wote nikamvika kofia ya kijani. Makofi! Mzee Masalu, kwa kumuunga mkono mgeni, akachukua ile ya akiba naye akavaa. Nikatangaza kwenye kipaza sauti kwamba tunao wafalme wawili leo.

Injinia aliivua polepole. Akaiweka mezani, akasogeza kiti chake mbali nayo kidogo. Akanong'ona na Luhaga. Luhaga akaja kuniuliza kwa upole ni nani aliyenifundisha jambo hili. Nikamwambia aseme wazi, kamati nzima inataka kujifunza. Nikampa kipaza sauti. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu!

"Kwa Wachina," Luhaga akasema, "mwanamume akivishwa kofia ya kijani, maana yake mke wake anatembea nje ya ndoa."

Uwanja ulisikia. Barabarani walisikia. Mzee Masalu akaishika kofia kichwani pake, akamgeukia mkewe. Mkewe akaanza kukagua kucha zake. Na Chenge, aliyeketi nyuma kama mgeni wa kawaida, akapaza sauti: "Mpe! Mpe tena!" Watu walicheka mpaka turubai likatikisika.

Nikaona niokoe hali haraka. Nikaashiria bibi harusi aingie.

Dorotea aliingia. Nyeusi kuanzia shela mpaka viatu. Hakuinamisha kichwa. Alitembea taratibu katikati ya watu, na kicheko kikakatika kama kimekatwa kwa panga. Nakiri kwamba hata mimi nilihisi baridi. Kule kwenye masufuria dada wa Bwana Mhoja akasimama, akauliza nani amekufa. Shangazi mmoja wa upande wa Magu akaweka mikono kichwani, akaanza kulia kilio cha msiba kabisa, na wawili watatu wakamfuata. Injinia Wu akasimama pia, akainamisha kichwa, akamshika mkono Mzee Masalu na kumpa pole. Alidhani nyumba imefiwa! Akaondoka kimya ili asisumbue wafiwa. Habari ya kokoto haikutajwa.

Dada wa Bwana Mhoja akapita mbele, akasema bila kipaza sauti, lakini kila mtu alisikia: "Mwanamke anayekuja kwetu amevaa kifo, abaki kwenu." Wakapanda kwenye lori lao, Bwana Mhoja na watu wake wote. Pilau ilikuwa haijapakuliwa.

Mzee Masalu hakunipiga. Heri angenipiga. Alikaa, kofia bado kichwani, akawa anauliza tu: "Langi gani hizi, Mutalemwa? Langi gani hizi?"

Jumanne, 23 Mei

Banda lina kufuli jipya. La Chenge.

Rachel hajanigombeza. Ananipa chakula, anasema karibu, anarudi kwenye cherehani. Miaka yote ya ndoa yetu nimezoea ugomvi wake. Ukimya huu siujui.

Mchana Dorotea amekuja. Akapiga goti, shikamoo baba mdogo. Nikaanza kuomba msamaha, akanizuia. Akasema uchumba umevunjika, watu wa Magu wamekataa kabisa, ng'ombe wanarudishwa. Yeye anakwenda Dar kwa shangazi yake, kusomea unesi. Nikamwambia asikate tamaa. Akasema hajakata.

Halafu akaniambia jambo. Mwaka jana, huko huko kwa shangazi, aliiona ile kanda ya mfuma hariri. Nguo ya bibi harusi ilikuwa nyekundu. Nyekundu kama pilipili. Mfalme alivaa njano na wafiwa walivaa nyeupe.

Nikamuuliza kwa nini alininyamazia.

"Sikutaka kuolewa na yule mzee, baba mdogo. Nilimwambia baba, hakusikia. Nikaona nguo yako itasikika."

Kisha akasema kwamba hata hivyo siku ile alilia kweli. Kwamba yale niliyosema, siku ya harusi kuwa msiba wa nyumba unayoiacha, hayamo kwenye kanda, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kumwambia neno linalofanana na alivyokuwa anajisikia. Akanishukuru. Akaondoka.

Maskini binti. Mshtuko umemchanganya akili.

Hata hivyo nimemwita Yakobo, fundi wa redio na televisheni. Amefungua nyuma, amepuliza vumbi, amechokonoa. Akasema upande wa nyekundu umekufa, na umekufa zamani, labda kabla sijainunua. Penye nyekundu pamekuwa peusi, njano imekuwa kijani, nyeupe imekuwa samawati. Akasema televisheni hii haioni nyekundu hata ukiimwagia damu. Nikamuuliza kama haiwezi kuwa kanda ndiyo mbovu. Akanihurumia kwa macho.

Nimelala chali mpaka jioni. Mwaka mzima. Kila nilichokijua nilikijua kwa ubovu wa chombo. Mfalme wangu, wafiwa wangu. Nimemhamisha mama wa watu kwenye masufuria! Nimewazia Wachina mpaka ngozi zao nikazitafutia sababu. Nimefika umri huu, karani mzima niliyesoma sekondari kule Bukoba, na kilichobaki ni mbuzi peke yake kunisikiliza, naye alikuwa amelala.

Naapa hapa, kwa maandishi: sitafafanua kitu tena maishani.

Jumatatu, 29 Mei

Niko Bujora, kwa shemeji yangu Elias, mwalimu wa shule ya msingi. Rachel ndiye aliyeamua, nikae mbali mpaka Mzee Masalu apoe. Amenifungia nguo vizuri, amenipa na sabuni. Hakuuliza narudi lini. Nimelifikiria hilo njia nzima.

Elias hana neno. Ila watoto wake wameshasikia ya kofia, wanakimbilia nje kucheka.

Siku hizi zote nimekaa kwenye kibanda cha chai, kimya, kama nilivyoapa. Hakuna aliyeniuliza kitu, na mimi sikusema kitu. Nimegundua kwamba hivyo ndivyo watu wengi wanavyoishi. Inachosha.

Leo Wazungu wawili wametokea kuangalia makumbusho ya Wasukuma, wakasimama kibandani kunywa soda. Mama wa Kizungu, mwenye Kiswahili cha kusomea, akaonyesha nyumba iliyo ng'ambo: ukuta mweupe, mstari mwekundu chini, dirisha jeusi. Akaniuliza kama rangi zile zina maana kwa Wasukuma.

Mimi ni Mhaya. Sijui lolote la Wasukuma. Nikanywa chai. Nikatazama ng'ombe wakipita. Nikahesabu moyoni nikitumaini ataondoka.

Hakuondoka. Akafungua kijitabu, akashika kalamu.

Nikamwambia nyekundu ya chini ni damu ya mababu inayoshikilia msingi. Nyeupe ni maziwa, yaani ng'ombe, yaani amani. Dirisha jeusi ni jicho la marehemu, hutazama nani anaingia. Akaandika yote! Akamwita mumewe apige picha. Mara ya kwanza tangu sherehe ile nilihisi joto kifuani.

Mwenye nyumba alikuwa ameketi benchi hilo hilo na kikombe chake. Akasema alipaka rangi zilizobaki dukani, na dirisha ni moshi wa jiko.

Nikamwomba anyamaze. Hajui nyumba yake.