Rasimu Tatu za Revocatus Masele

Revocatus Masele aliuona utajiri wake kwenye karatasi ya andazi. Alikuwa Igogo asubuhi, amesimama mbele ya meza ya mama muuza maandazi, na alipomaliza kula akafanya jambo ambalo watu wenye haraka hawalifanyi: aliisoma ile karatasi. Ilikuwa insha ya chuo, yenye namba ya usajili, wino mwekundu wa mwalimu na alama sabini na nane. Ilizungumzia uvuvi haramu wa sangara kwa ufasaha ambao hata mafuta ya kupikia hayakuweza kuufunika.

"Mama, karatasi hizi mnatoa wapi?"

"Tunanunua kwa kilo. Za chuo ndiyo nzuri, hazilowi upesi."

Revocatus akanunua kilo nane. Yule mama akadhani kijana anafungua biashara ya karanga, akamtakia heri.

Wakati huo alikuwa mtoa fotokopi katika duka la Yasmin pale Nyegezi, mwaka wa nne sasa. Kabla ya hapo alikuwa mwanafunzi wa Chuo cha Mwambani, hatua chache kutoka dukani, kwa muda wa muhula mmoja. Somo la Stadi za Uandishi ndilo lililomtoa chuoni. Hajawahi kumaliza insha hata moja maishani mwake, na hiyo ndiyo siri tunayomwomba msomaji amtunzie, kwa kuwa mwenyewe aliitunza vizuri sana.

Aliacha kazi kwa hotuba. "Dada Yasmin, nimechoka kutoa nakala za akili za watu."

"Sawa," Yasmin alijibu bila kuinua macho kwenye mashine. "Siku ukirudi utaanza na kufagia."

Maneno hayo yalimuuma kuliko alivyotaka kukubali. Akaapa kwamba ufagio wa duka lile hataugusa tena.

Kwa muhula mmoja kiapo kilisimama. Meza ya nyuma katika mgahawa wa Odeta, ng'ambo ya geti la chuo, ikawa ofisi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alileta swali, Revocatus alifumba macho kama anayewaza, kisha akatafuta kwenye mifuko yake ya karatasi za Igogo insha inayofanana, akaipiga chapa upya na kuitoa kama mpya. Vijana walipasi. Wakaanza kumwita Dokta, naye hakuwakatalia. Kumkatalia mtu heshima anayokupa kwa hiari yake ni ukosefu wa adabu.

Muhula wa pili akaja mhadhiri mpya, Dokta Modesta, huyu wa kweli. Siku ya kwanza aliwaambia wanafunzi mia tatu kwamba insha yenyewe haimshughulishi sana. "Nataka kuona mlivyofika. Mtaleta mpango, rasimu ya kwanza, rasimu ya pili na nakala safi. Vyote kwa mkono. Ukikata sentensi, uandike pembeni kwa nini umeikata."

Wauza insha wa Mwambani walisikia habari hiyo kama watu waliosikia ziwa limekauka. Mmoja alihamia Buzuruga kuuza kava za simu. Karatasi za Igogo hazikuwa na msaada, kwani mwanafunzi hukabidhi nakala safi, na rasimu huwashia jiko.

Revocatus alikunywa chai vikombe viwili akiwaza. Cha tatu kilipofika, aliona mwanga. Kama rasimu haipo, si itengenezwe? Insha nzuri unayo mkononi. Iharibu kidogo, upate rasimu ya pili. Iharibu sana, upate ya kwanza. Ibomoe kabisa ubakishe nguzo, huo ni mpango.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Seti Kamili, na kusema kweli kijana alikuwa na kipaji cha kuharibu. Kutengeneza rasimu ya pili, alitoa mfano mzuri kuliko yote na kuweka pahali pake maneno matupu. Kutengeneza ya kwanza, alihamisha aya ya nne ikawa ya pili, hoja zikagongana, kisha akafungua kwa sentensi kama "Tangu dunia iumbwe, binadamu amekuwa akila samaki," na kuikata kwa mistari miwili yenye hasira. Mpango aliuchora kwa mishale na kuumwagia chai ya Odeta. Ilibidi iwe chai ya tangawizi hasa. Rasimu isiyo na doa la chai haimshawishi mtu. Mteja alibaki na kazi moja tu, kunakili vyote kwa mwandiko wake, pamoja na doa la chai. Wiki ya kwanza waliagiza vijana arobaini na mmoja.

Wa arobaini na mbili hakuwa kijana. Alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Misungwi, umri miaka hamsini na ushee, kofia pana, viatu vilivyojua matope ya minada yote ya kanda. Jina lake Mashimba, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

"Shikamoo mzee. Umeleta mtoto?"

"Marahaba. Nimejileta mwenyewe. Watoto wangu wote wamesoma, sasa nikiwaandikia ujumbe wananisahihisha. Nimechoka." Akavuta kiti. "Wewe ndiye Dokta? Nataka unifundishe kuandika."

"Mzee, mimi sifundishi. Nauza."

"Kufundisha ni bei gani?"

"Haina bei, haipo dukani."

Mashimba akamtazama kwa muda, kuanzia uso hadi viatu. Kisha akanunua Seti Kamili, akaikunja, akaitia kofiani, akaenda.

Baada ya wiki akarudi amekunja uso. "Dokta, umeniuzia kitu kibovu. Mwalimu ameniita mbele. Anasema, sentensi hii ya kwanza umeikata, kwa nini?"

"Si tuliandika pembeni? 'Haifai.'"

"Anasema 'haifai' si sababu. Alhamisi nikijibu vibaya, anakagua madaftari ya darasa zima."

Madaftari arobaini na moja yalikuwa yametoka jungu moja, na yakikaguliwa pamoja hata kipofu angenusa tangawizi. Revocatus akaona ufagio wa Yasmin. "Kaa mzee, kaa. Odeta, mletee mzee chai!" Akaitazama ile sentensi aliyoitunga makusudi iwe mbaya, akajikuna. "Imekatwa kwa sababu... haisemi kitu. Unaweza kuiweka juu ya insha yoyote. Hata ya mahindi. Mwanzo unaofaa kila insha haujaanza insha hii."

Revocatus mwenyewe hakujua kwamba anajua hayo.

Mashimba aliandika kila neno kwenye kijitabu cha mnada, akaondoka bila shukrani. Wiki iliyofuata akarudi na lawama nyingine: mwalimu anauliza kwa nini aya ya nne imehamishwa. Kisha, kwa nini mfano wa samaki wa soko la Kirumba una nguvu kuliko maneno "wananchi wengi huathirika". Kisha, kwa nini mpango una hoja sita na insha ina tatu. Kila safari alifoka kwamba ameuziwa ugonjwa, na kila safari Revocatus, jasho likimtoka, alieleza saa nzima bure: hoja tatu zilizotembea zinashinda sita zilizosimama, msomaji hawezi kumhurumia "mwananchi", lakini atamhurumia mama mmoja mwenye ndoo tupu. Hizo zilikuwa wiki sita. Chai zote alilipa mwenyewe.

Tukiri jambo moja ambalo Revocatus hakulikiri. Ilipofika Jumatano, siku ya Mashimba, alikuwa akiingia mgahawani mapema, amechana nywele.

Kisha wateja wakakatika. Ilianza polepole, wakapungua hadi kumi, hadi wawili, hadi Odeta akaanza kuwaketisha walaji wa ugali kwenye meza ya ofisi. Revocatus alimkamata kijana mmoja getini akamuuliza kulikoni.

"Tunaandika wenyewe siku hizi, Dokta. Mzee Mashimba anatufundisha. Bure kabisa, nyuma ya maktaba."

Nyuma ya maktaba kuna miamba mikubwa inayotazama ziwa. Revocatus alijibanza kwenye mmoja, akachungulia. Vijana kama hamsini walikuwa wameketi kwenye mawe, daftari magotini, na Mashimba amesimama mbele yao, kijitabu cha mnada mkononi.

"Mwanzo unaofaa kila insha," alikuwa akisema, "haujaanza insha hii. Andikeni hiyo."

Wakaandika wote hamsini. Revocatus aliona kama anaibiwa mchana kweupe, na ubaya zaidi, akaona kwamba maneno yale ni mazuri. Alisubiri vijana watawanyike, akajitokeza.

"Mzee! Dokta Modesta anajua unafundisha kwa maneno yangu?"

"Dokta Modesta hajawahi kuniuliza kitu," Mashimba alisema kwa utulivu.

"Si alikuita mbele? Ile sentensi? Aya ya nne?"

"Hajaniita hata siku moja. Seti yako hajaiona, nimeifungia kabatini. Insha niliandika mwenyewe." Akakaa juu ya jiwe, akamkaribisha kwa mkono. "Sikia, ng'wanawane, mwanangu. Mnadani, ng'ombe nisiyemtaka namsifia. Ninayemtaka ndiye namtukana. Namwambia mwenyewe, huyu kwato mbovu, huyu anakohoa, meno yameisha. Mwenye ng'ombe anahangaika kunionyesha uzuri wake, anamzungusha, anamfungua mdomo, na mimi najifunza kila kitu. Siku ile ulisema kufundisha hakuna dukani. Nikaanza kukutukana."

Revocatus alihesabu kwa vidole. Wiki sita. Chai zote zile.

"Nitakushtaki," akasema hatimaye.

Ofisi ya chuo haipokei malalamiko ya mdomo. Yawe kwa maandishi, yaeleze tukio kwa mpangilio, yasizidi kurasa nne. Kwa hiyo, asubuhi iliyofuata, Revocatus Masele aliketi kwa Odeta na, kwa mara ya kwanza tangu afukuzwe na somo lile, akaandika kitu kutoka kichwani mwake. Alianza, "Tangu dunia iumbwe, kumekuwa na watu wadanganyifu." Akaikata. Akachora mpango. Hoja saba, akabakisha tatu. Rasimu ya kwanza ilikuwa matusi matupu, akaitupa. Ya pili ilianza na andazi la Igogo, na hapo ikashika njia. Chai ilimwagika yenyewe. Ya tatu aliisoma kwa sauti ya chini, akaisoma tena, kwa kuwa ilikuwa nzuri. Alifurahi waziwazi kama mtu aliyepewa mtoto. Hakutaka kuipeleka ofisini kabla adui yake hajaiona.

Mashimba alikuwa mwambani, peke yake. Alizisoma kurasa zote nne polepole, akizisogeza mbele ya simu yake. "Macho ya uzee," alieleza, "bila kukuza maandishi siwezi." Alipomaliza akauliza, "Kosa langu limeandikwa wapi?"

"Humo humo!"

"Nionyeshe."

Revocatus akazichukua kurasa. Ukurasa wa kwanza kulikuwa na kijana anayenunua kilo nane za insha za watu. Wa pili, kijana huyohuyo anauza. Wa tatu anatengeneza rasimu za uongo, kwa ustadi, na majina ya vifaa. Wa nne kuna mzee anauliza maswali na kuandika majibu. Akapekua tena kuanzia mwanzo. Chuo kizima kisingepata mtu wa kumfukuza kwenye malalamiko yale isipokuwa mlalamikaji.

"Tena mwanzo umelegea," Mashimba aliendelea, akikunja uso. "Aya ya tatu imevimba. Mwisho hauna miguu."

Revocatus aliinua kichwa. Sasa lugha ya mnada aliijua, na akapata furaha ambayo Seti Kamili haikuwahi kumpa.

"Unaitaka," alisema.

"Hii? Kwa vijana wangu, labda kama mfano wa ubovu. Unaniuzia kwa bei gani?"

"Haiuzwi."

Mashimba akataja bei. Akataja nyingine, ambayo ingelipa chai zote na kodi ya mwezi. Revocatus alizikunja kurasa zake, akazitia kifuani ndani ya shati. "Nimeandika mimi, mzee. Haiuzwi." Akashuka mwambani kichwa juu, na lazima tuseme kwamba tangu tumfahamu hajawahi kutembea vizuri vile.

Kesho yake, wakati wa chai ya saa nne, simu ikaanza kutetemeka mezani. Lilikuwa kundi la WhatsApp la mwaka wa kwanza, ambamo alijiunga zamani kwa ajili ya matangazo. Mashimba alikuwa ametuma picha nne, kali, zilizosomeka vizuri hadi doa la chai. Juu yake ameandika: "Insha bora kuliko zote nilizosoma mwaka huu. Mwandishi ni Revocatus Masele. Isomeni, mseme kasoro zake."

Revocatus alizifungua moja baada ya nyingine. Andazi, mifuko, seti, majina ya vifaa, vyote mbele ya watu mia tatu, na chini yake sahihi yake kamili. Hakuna mtu duniani ambaye angenunua tena insha kutoka kwake, na kwa Yasmin ufagio ungemsubiri. Majibu yalikuwa yameshafika sitini na matatu. Aliyafungua akiwa amefumba jicho moja, akingoja kuitwa mwizi.

Alisoma yote. Hakuna hata mmoja aliyezungumzia wizi. Mmoja alisifu mwanzo, wawili walibishana juu ya hitimisho, na waliobaki wote walisema kitu kimoja: aya ya tatu ni ndefu mno, ingegawanywa pale anapomwaga chai ya tangawizi.

"Wapumbavu," Revocatus alinong'ona. Akazitoa kurasa kifuani, akaisoma aya ya tatu kwanza kwa hasira, kisha polepole, kisha tena. Akaona, kwa uchungu mkubwa, kwamba wamesema kweli.

"Odeta," akaita, "niazime kalamu."