Korongo wa Harusi ya Kahambu

Jumatatu, 7 Mei 2001
Nimetukanwa! Kahambu, binti wa kaka yangu Liévin, anaolewa Jumamosi. Korongo wa karatasi wa kupamba meza amempa nani awakunje? Alexis, fundi cherehani! Nani alimfundisha Alexis kukunja bawa? Mimi! Nilimuuliza Kahambu sababu. "Papa mudogo, usikasirike," akasema, "karatasi yake iko safi."
Bon. Tangu vita vifunge mto, meli hazipandi tena kutoka Kinshasa hadi mjini kwetu. Karatasi nyeupe haionekani. Alexis anayo. Ameitoa wapi? Hasemi. Mwizi.

Jumanne, 8 Mei
Nimejaribu mfuko wa saruji. Mgumu mno. Mke wangu Kasoki akauliza kwa nini nimekunja mbuzi.

Jumatano, 9 Mei
Wazo! Karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti za sigara. Laini, inang'aa. Nilimwomba mzee wetu, tonton Isaïe, mvutaji mkubwa wa avenue yetu, avute haraka haraka. Kufika jioni alikohoa mpaka majirani wakaleta dawa. Korongo nilio nao wanatoshana na nzi. Tonton hanisemeshi. Watu hawajui kujitolea!

Ijumaa, 11 Mei
Nimeokoka! Askari wamebandika picha za komanda wao sokoni kote. Karatasi pana, nzito, nyekundu pembeni. Mvua ikanyesha, kila mtu akakimbilia barazani. Mimi nikabandua moja. Donc, nina korongo mkubwa kama kuku! Sura ya komanda nimeikunjia ndani. Karibu yote. Kasoki alifunga dirisha kwa mshangao. Yeye anasema ni kwa woga.

Jumamosi, 12 Mei
Fedheha! Nilimweka korongo wangu katikati ya meza ya maharusi, nikavisukuma kando vikaratasi vya Alexis. Watu wakatazama. Kumbe Liévin, ili harusi isisumbuliwe na askari, alikuwa amemwalika komanda mwenyewe! Akaingia na walinzi wake, akaja moja kwa moja mezani. Jicho lake la kushoto la pichani lilikuwa limebaki wazi chini ya mkia wa korongo. Muziki ukazimwa. Nilijiandaa kueleza ufundi wangu.
Alexis akanitangulia. Akamnyakua korongo wangu, akamtupa kwenye jiko la makaa, chini ya sufuria ya pondu, majani ya muhogo!
Komanda akauliza nini kinaungua.
"Iliharibika, chef," akasema Alexis. "Chukua hii, iko muzuri." Akampa korongo wake mweupe. Komanda akacheka, akamchomeka kwenye kofia.
Wa Alexis! Kwenye kofia!
Liévin alimkumbatia Alexis huku akilia. Mimi hata pole sikupewa. Kasoki anasema Alexis ameniokoa nisipelekwe kwenye kambi ya askari, Kapalata. Ameniokoa! Wivu mtupu.

Jumapili, 13 Mei
Nimemsindikiza mgeni mmoja wa harusi, wa Butembo, hadi uwanja wa ndege, Bangboka. Mlangoni askari wamebandika tangazo jipya, kubwa kama shuka, karatasi inayong'aa pande zote. Nimelisoma lote kwa makini. Ni marufuku kupiga picha. Kukunja hawakutaja.