Njia Tatu za Kumfikia Mbuzi wa Mlima Tolmer

Jumatatu, 9 Septemba

Marlys kapata kibali cha kuwinda. Mke wangu, si mimi. Mimi nimecheza bahati nasibu ya mbuzi wa milimani tangu ningali na nywele. Yeye kajaribu mara moja, jimbo zima la British Columbia likamchagua yeye. Sawa. Bunduki yake, njia yangu. Nikamwambia mlima ule hauendwi kichwakichwa, unataka mpangaji. Akasema, "Panga basi. Lakini mimi natembea kwa miguu, sio kwa ramani."

Jirani yetu Garnet akachungulia uani, akajitolea kumvusha ziwa kwa boti yake, kisha wafuate kijito hadi juu. Kijito! Kila mtu hupita kijitoni. Nikamshukuru, nikafunga lango.

Alhamisi, 12 Septemba

Njia ya kwanza: barabara ya zamani ya wakata miti. Kwenye ramani inapendeza. Mtoni hakuna daraja; mafuriko yalishalibeba, inaelekea enzi za baba yangu. Nikageuza gari. Gari likakataa, likazama matopeni hadi milangoni. Aliyekuja kunivuta nani? Garnet. Alipiga mluzi tu mpaka nyumbani. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 14 Septemba

Njia ya pili: mkondo wa maporomoko ya theluji, yaliyofagia miti yote. Ukiwa barabarani unaona kijani laini, zulia tupu. Zulia lenyewe ni vichaka virefu kunizidi, na katikati yake mmea wenye miiba hata kwenye majani. Nilishika shina lake nisianguke. Sikuanguka.

Jioni Marlys akanichomoa miiba kwa kibanio, mingine mahali pasipoandikika. Nikamweleza kwamba huo nao ni utafiti. Akasema nigeuke upande wa pili.

Kisha akaniambia, bila kucheka, kwamba theluji ikishuka hadi kwenye miti, basi tena. Kibali kama hiki huenda asikipate maishani. Anataka kupanda magoti yake yakingali yanamtii. Hilo lilinichoma kuliko miiba. Nikaahidi njia ya uhakika.

Jumatatu, 16 Septemba

Njia ya tatu: mgongo wa mlima, kutokea magharibi. Nilitangulia kukagua, Marlys angengoja nimwite kwa redio. Nikafika juu nahema kama mvukuto. Na kweli, mbuzi. Dume mweupe, ametulia mwambani kama hakimu. Kati yetu, korongo ambalo hata kunguru angelizunguka. Ramani haikulitaja.

Nikamwita Marlys nimpe habari. Akajibu kwa kunong'ona: "Kaa chini, wewe. Utamkimbiza."

Alichoka kungoja. Yeye na Garnet walikuwa upande ule ule wa dume, wamepandia kijitoni. Nikakaa. Mlio mmoja. Dume akalala palepale. Sikujua ninune au nishangilie. Nilishangilia. Machozi yalikuwa ya upepo.

Jumatano, 18 Septemba

Marlys anaimba jikoni. Sijamsikia akiimba hivyo tangu harusi. Garnet kamaliza bakuli la pili la mchuzi, kisha akauliza kwa upole wa kinafiki mimi nilishukaje kule juu. Ilhali kamba iliyonishusha upande wao ni yake.

Nimetafakari. Kosa si langu. Nisingeziondoa njia mbaya, wangeijuaje nzuri? Nikamwambia Marlys hivyo. Akasema, "Mume wangu, kijito kiko pale tangu Mungu aumbe mlima."

Gari langu bado liko magharibi, nilikoanzia kupanda. Garnet kajitolea kunipeleka kesho kwa barabara kuu. Nimekataa. Nimeona ramanini kijia kinachokatiza msituni. Mchana nitakuwa nimerudi.