Malalamiko Kuhusu Mlango Unaotaka Kuwekwa Kwenye Wodi Yetu

Absalom Wangila,
Mwenyekiti, Kamati ya Mradi,
Dispensari ya Kona Mbili,
Barabara ya Endebess, Kitale.

Tarehe 3 Machi 2025

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Taasisi ya Kuwanoa Mameneja,
Nairobi.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

MINTARAFU: KUZUIA MLANGO

Pokea salamu zangu za heshima, wewe na wakufunzi wako, na yule dereva wa basi lenu anayependa maziwa lala. Mimi ndiye mwanaume wa kofia nyeusi ambaye mameneja wako hupiga picha naye kila wakija. Kwenye zile picha mnazomulika ukutani, mimi ndiye ninayeshikilia ngazi.

Kwa kuwa kazi zako ni nyingi, nikukumbushe jambo lenyewe kwa kifupi. Miaka sita iliyopita tulijengewa wodi ya akina mama kujifungulia. Mwanakandarasi alikuwa Bwana Kang'ethe, mtu mpole, mcha Mungu, anayefuata karatasi. Katika ile orodha ya kazi zote ambayo nyinyi wasomi mnaiita BQ, waliandika msingi, kuta, paa, madirisha manne, hata msumari wa kutundikia kalenda. Mlango hawakuandika. Kang'ethe akajenga vile alivyoandikiwa. Kitanda cha kujifungulia kililetwa mapema, kikawekwa mahali pake, naye akapandisha ukuta kukizunguka akafunga. Alipoulizwa alisema kuweka mlango bila barua ni kuvunja mkataba, na yeye tangu azaliwe hajavunja kitu cha mtu. Basi barua ikaombwa. Lakini wakubwa wa kuitia sahihi walikuwa hawapo ofisini. Walikuwa kwako, kwenye mafunzo ya kusimamia mikataba.

Tangu siku hiyo tunaingia wodi kwa dirisha, kwa ngazi yangu.

Mwaka uliofuata mkufunzi wako, Bwana Mbogo, alileta darasa la kwanza kuja kujifunza jinsi mradi unavyokwama. Mpaka leo yamekuja madarasa tisa. Mimi nimepewa beji ya kuvaa shingoni, ina picha yangu na maneno "Mshauri wa Uwanjani". Hata kanisani naivaa, na pasta hajawahi kulalamika.

Sasa Jumanne iliyopita Bwana Mbogo amenipigia simu. Ati barua ya mlango imetoka. Ati Kang'ethe atafika Jumatatu tarehe 17 kutoboa ukuta, kwa hivyo darasa la kumi halitakuja kwetu tena, litapelekwa Bungoma kutazama tangi la maji lisilo na bomba. Bwana Mkurugenzi, nilikaa chini kwenye nyasi. Nimeinuka ili niandike malalamiko yafuatayo:

1. Mlango utamfundisha mtu nini? Jengo lenye mlango, mtu anaingia tu. Hakuna meneja aliyewahi kusimama mbele ya mlango akauliza, hii ilitokeaje. Lakini mbele ya wodi yetu nimewaona kwa macho yangu wakizunguka mara tatu na viatu vyao vya kung'aa, kama kuku anayetafuta pa kutagia, halafu wanasimama na kuvua miwani. Hapo ndipo elimu inapoanza. Ukitoboa ukuta huo, umetoboa chuo.

2. Sioni kama Bwana Mbogo amekueleza vizuri mimi ni nani. Niliachia shule darasa la saba, si kwa ujinga. Mwalimu aliniambia amebakiza kitu kimoja tu cha kunifundisha, na yeye mwenyewe amekisahau. Lakini usimamizi wa miradi niliufanya kabla haujapewa jina. Mwaka ule wa mvua nyingi nilihamisha ghala la mahindi, magunia mia mbili yakiwa ndani, kutoka shamba moja la Endebess hadi lingine, limebebwa na wanaume themanini, na paka aliyekuwa amelala juu ya magunia hakuamka.

Upande wa mikataba ndio usiniulize. Nilifanya mkataba na ndovu wa Mlima Elgon. Tulikubaliana, mimi nikiwa juu ya mti na yeye chini, kwamba atakula mistari mitano ya kwanza ya mahindi yangu na wa sita hataugusa. Misimu mitatu ndovu yule alikula mitano, akafika wa sita, akageuka. Hapakuwa na shahidi wala muhuri. Msimu wa nne akaja mtoto wake, huyo akala mpaka jikoni. Funzo ni kwamba mkataba haurithiwi. Nilipowaeleza darasa la pili waliliandika na kulipigia mstari chini, na meneja mmoja wa mambo ya barabara aliniomba nirudie polepole. Sasa mtu kama huyo mnamwacha hivi hivi, kwa sababu ya ubao na bawaba mbili?

3. Na mnamwachia nani? Bungoma. Mimi nimezaliwa Bungoma, kitovu changu kiko huko, kwa hivyo sisemi kwa wivu. Watu wa kwetu hawana subira. Tangi likikosa bomba leo, kesho shemeji ya mtu analitoboa kwa msumari na kuchomeka mpira wa maji. Basi lenu likifika mtakuta watu wanaoga. Mtawafundisha nini mameneja hapo? Sisi hapa tumetunza tatizo letu miaka sita, safi, bila mkwaruzo, hakuna mtu hata mmoja aliyeligusa. Hiyo ndiyo tofauti ya watu wa Kitale na watu wa mahali pengine.

4. Heshima ya maandishi iko hatarini. Madarasa yako tisa yameandika ripoti tisa, zote zimebanwa kwa waya na kuwekewa plastiki mbele. Ninazo. Zote zinasema mlango unahitajika sana, na zote zinamalizia kwamba mameneja wapewe mafunzo zaidi. Darasa la nne lilikaa kutwa nzima likijadili kama dirisha linaweza kupandishwa cheo liwe mlango, na nusura wakubaliane, isipokuwa chakula kilifika. Sasa unajua ni nini kilichotoa hiyo barua ya ruhusa? Nesi wetu Jerono. Alichana nusu ukurasa wa daftari, akaandika kwa biro kwamba wanawake hawapiti dirishani, akampa mtu wa boda apeleke ofisini. Ikatiwa sahihi. Ripoti tisa, Mheshimiwa, zimeshindwa na nusu ukurasa usio na hata nembo. Mkinyamazia hili, kesho mtu yeyote mwenye biro atakuwa anamaliza miradi.

5. Kuna pia suala la upepo. Na darasa la sita alikuja Madam Wakiuru, mama mkimya wa kitengo cha maji. Wenzake walipokuwa wamekwisha kuingia kwa ngazi, yeye alibaki nje akauliza, "Na mama mwenye uchungu anapitia wapi?" Bwana Mbogo alimwambia ni swali zuri sana, akaliandika kwenye karatasi kubwa ya manjano yenye kichwa Maswali ya Baadaye, akaibandika ukutani kule ndani. Bado iko. Haijawahi kujibiwa, na rangi yake haijafifia. Mlango ukifunguliwa, upepo wa kutoka mlimani utaingia na kuibandua.

Kwa ukweli wa mambo, wakati huu wote akina mama wanajifungulia kwenye chumba cha Jerono, juu ya benchi ya kungojea dawa, au wanapakiwa kwenye boda mpaka Kitale mjini. Kumi na mmoja wamezalia benchini hapo. Nilipowaambia darasa la nane idadi hiyo, walisimama wakapiga makofi. Walisema ni ustahimilivu wa jamii. Sikujua tunao.

6. Sasa nafika kwa Joan, na hapa naomba unisaidie kama mtu mzima mwenzangu. Joan ni binti ya marehemu dada yangu Nakhungu. Mume wake Derrick anaendesha lori la kwenda Lodwar, kwa hivyo anakaa kwetu, na ana mimba ya miezi minane. Kwetu mjomba ni khocha, na khocha akisema, mpwa huinama. Huyu hainami. Pengine ni tumbo.

Tangu asikie naandika barua ya kuzuia mlango, ameanzisha upinzani ndani ya boma langu. Majuzi tukila alinitazama akasema, "Khocha, na hili tumbo nitapanda ngazi?" Nikamweleza kwa upole kwamba darasa la tatu lilipima mwinamo wa ngazi ile kwa kifaa, likaukuta uko sawa kabisa. Akasema, "Basi wazae wao." Mke wangu Sellah, ambaye huwapikia mameneja wako na husifiwa nao kwa chapati, alicheka mpaka akaweka sahani chini. Jerono alikuwa amekuja kuazima chumvi, naye akacheka, mtumishi wa umma.

Nilimwambia Joan kwamba benchi imezaa watu wazuri tu. Nikamwambia pia kwamba mama yake alimzaa shambani kwa mahindi na hakudai mlango. Hapo hakucheka mtu. Joan aliinuka akaenda kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa vimeoshwa. Siku nne sasa ananiita "Mshauri", hata akiniletea chai. Unaona jinsi mlango ambao haujakuwepo bado umekwisha kuvunja nyumba?

7. Kwa sababu hizo zote, natoa maombi yangu. Kwanza, uandike kuzuia kazi ya tarehe 17. Barua yako iwe na nembo ili iizidi ile ya daftari. Pili, ikiwa lazima mlango uwepo, basi mimi si mkaidi, uwekwe, lakini usifunguke. Kang'ethe auchore vizuri kwa rangi ukutani kwa nje, wenye shida ya mlango wauone, na wenye kusoma waendelee kusoma. Tatu, darasa la kumi lije kwetu kama kawaida. Nne, mimi nipewe cheti. Nimehudhuria mafunzo ya madarasa tisa kutoka chini ya ngazi, hakuna meneja aliyesoma kunizidi.

Kama ombi la kwanza litakuwa gumu, naomba basi mtupatie mradi mwingine uliokwama. Kuna uwanja hapa karibu na kanisa. Tunaweza kuanza kitu chochote, na ninaahidi hatutakimaliza.

Nisalimie wakufunzi wote, makarani, mpishi wa hoteli mnayolala mkija Kitale, na hasa Madam Wakiuru, mwambie swali lake liko salama. Sellah anawasalimu. Mpwa wangu angewasalimu, lakini hayuko upande wetu.

Ni mimi mtumishi wako katika miradi na mikataba,

Absalom Wangila
Mshauri wa Uwanjani

Tanbihi, tarehe 14 Machi.

Barua hii ilikaa ndani ya Biblia siku kumi na moja nikingoja mtu wa kwenda posta. Usiifuate.

Jana saa nane mchana Joan alishikwa na uchungu, wiki tatu kabla ya hesabu. Mvua ilikuwa imepiga tangu asubuhi, barabara imekuwa uji, hakuna boda iliyokubali. Tukamkokota mpaka kwa Jerono. Benchi tukaikuta na mama mwingine, na huyo alikuwa amefika mbali. Nikaleta ngazi nikaiegemeza dirishani. Joan akaiangalia. Halafu akaniangalia mimi. Heri angenitukana.

Nilirudi nyumbani nikachukua nyundo ile kubwa ya kupasulia mawe. Sikuitisha kikao. Watu wa hapa nimewaambia nilipiga ukuta mara tatu ukaanguka, nawe wakikuuliza sema hivyo hivyo. Lakini kwa vile hii ni barua ya ofisi, nitaandika ukweli: ilichukua dakika arobaini, Sellah alibeba mawe, na Jerono alikuwa akimwacha yule wa benchi, anakuja kupiga zaidi yangu, anarudi. Beji ilinigongagonga kifuani nikaivua, sijui niliiweka wapi.

Joan aliingia kwa miguu yake. Saa kumi na moja jioni alizaliwa msichana humo ndani, mkubwa, mwenye sauti. Ndiye mtu wa kwanza kutoka kwenye lile jengo bila cheti.

Mlango nimeung'oa sebuleni kwangu nikaupachika hapo, na sisi nyumbani tumeweka pazia. Kuna jambo moja tu. Ruhusa ya Kang'ethe inasema mlango uwe upande wa mashariki, na mimi kwa haraka nimetoboa magharibi. Nasikia kwa mujibu wa mkataba atalazimika kwanza kuuziba wangu ndipo atoboe wake. Mwambie Jumatatu atanikuta hapo, na nyundo bado ninayo.

Darasa la kumi, likitaka, lije tu. Ila mameneja wakifika wapige hodi, wangoje waitwe. Kuna mtoto amelala.