Vita vya Hodhi la Santa Ageda

Tegeni masikio, enyi mliofua na mliofuliwa, mpate habari ya vita vilivyopiganwa kwenye hodhi la jiko la parokia yetu ya Santa Ageda, huku chini ya volkano ya Guatemala, Ijumaa moja baada ya rozari ya asubuhi. Nawe Mtakatifu Marta, mlinzi wa masufuria, nishikie ulimi nisitie chumvi. Na nikitia, iwe ya kukoleza tu.

Jumapili ile walitufikia vijana tisa wa misheni kutoka Wisconsin, nchi ya theluji na jibini, waje kupaka rangi darasa la katekisimu. Miongoni mwao alikuwamo Teagan Brozek, mrefu kama mshumaa wa Pasaka, mpanda ngazi asiyetetemeka, mla pilipili asiyelia, binti ambaye mikono yake haikupata kufua hata leso, maana kwao mashine ndiyo hufua.

Sasa, hodhi letu lina tumbo na mabega mawili. Tumboni hukaa maji safi, ya kupikia na kusuuzia mahindi. Begani ndipo pa kufulia, juu ya jiwe lenye matuta, na maji huchotwa kwa kata. Mtoto wa miaka mitatu analijua hilo. Teagan hakulijua. Jumatano akatwaa suruali yake yenye tope la siku tatu, akamimina nusu pakiti ya sabuni, akaizamisha yote tumboni. Na bomba letu hutoa maji Jumanne na Ijumaa tu.

"Yesu na Maria!" akapiga yowe Bi Eulogia, malkia wa jiko, mwenye sauti ya kengele kubwa. "Ameyaua maji! We mtoto, hata bata wangu wana adabu kuliko wewe!"

Siku mbili tukachota maji chemchemini, Teagan mbele, ndoo mkononi, jasho na machozi vikishindana shavuni. Alhamisi jioni hukumu ikatoka.

"Kuanzia leo wageni hawagusi hodhi," akasema Bi Eulogia. "Watafuliwa, watapakuliwa, watakaa vitini kama maaskofu."

Lo! Neno hilo lilimchoma binti kuliko pilipili zetu zote. Akasimama, akanena kwa Kihispania chake cha kuchechemea:

"Bi Eulogia, sikuvuka nchi zote hizi nije kukaa kitini. Viti hata kwetu vipo. Nijaribu mara moja tu. Tone moja la povu likiingia tumboni, nitakaa mpaka siku ya ndege."

"Tone moja?"

"Moja."

"Haya. Kesho. Na Hermelinda awe shahidi. Mjane hana wa kumwogopa."

Hermelinda ndiye mimi, na ni kweli.

Ijumaa bomba likakohoa, likatema kutu, likajaza hodhi mpaka ukingoni. Akaja Teagan na fulana yake yenye doa la maharage, doa kongwe, sugu, lililokwisha kuapa kutotoka. Akajipiga ishara ya msalaba. Kata mkono wa kushoto, sabuni mkono wa kulia, akaliendea jiwe kama askari aendeaye boma. Akachota, akaweka kata kando, akasugua kwa mikono miwili. Doa likarudi nyuma hatua kwa hatua likipigana.

Ndipo sabuni ikamponyoka.

Sabuni zetu ni duara kama chungwa. Ikabingirika tuta kwa tuta kuelekea tumboni, kama mwenye dhambi aendaye motoni kwa hiari yake. Mikono ya Teagan ilikuwa inachuruzika povu. Kuinyoosha juu ya maji yale ni kushindwa papo hapo. Basi akajikunja urefu wake wote, akaikaba sabuni kwa kidevu, ukingoni kabisa.

"Usicheke!" nikamwambia. "Ukicheka tumekwisha!"

"Si... cheki... Bi Hermelinda," akajibu kwa meno yaliyofungwa, akaisukuma kwa kidevu, tuta kwa tuta, hata begani. Kisha akasuuza mikono kwa maji yaliyobaki katani, akachota tena, akamaliza.

Bi Eulogia akavaa miwani. Akainama juu ya maji kama daktari. Akachovya kidole, akaonja. Jiko zima likarefusha shingo, hata kasuku wetu.

"Maji ni maji," akasema.

Kisha akafungua aproni yake, iliyobeba mafuta ya sikukuu saba, akamtupia kifuani.

"Na hii ifue. Mfukoni kuna vitunguu, vitoe kwanza. Na kidevu kipanguse povu, unafanana na Mtakatifu Yosefu."

Teagan akaipokea kwa mikono miwili, akalia, mara hii bila ndoo.

Mgeni siku ya tatu mpe jembe. Sisi wetu tulimpa aproni siku ya sita. Basi parokia ikiuhesabu mwaka wa mvua ya majivu na mwaka kengele ilipopasuka, iuhesabu na huu pia: mwaka Teagan wa Wisconsin, Mkaba-Sabuni, alipofua aproni ya Bi Eulogia, na tortiya za mchana, chapati zetu za mahindi, hazikunuka povu.