Uzinduzi wa Pampu Iliyofunikwa Shuka

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa mujibu wa ratiba ni mimi mwenyewe, Tobia Shemhilu, Mratibu Mwandamizi wa Visima vya Bustani, Kanda Ndogo ya Milimani, Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Mapokezi, Ndugu Makamu wake, ambaye bado yuko Mombo na utepe wetu mwekundu kwa kuwa gari limechemsha, Mchungaji wetu, Sheikh wetu, wazee wetu mliokaa kwenye viti, wananchi wa Kwembula mliosimama, na Mama Rahabu, mjane mwenye kisima hiki na bustani hii tunayoikanyaga: itifaki imezingatiwa. Wagoshi, onga mshi. (Wanaiitikia salamu ya Kisambaa kwa uchovu. Wako juani tangu saa tatu asubuhi.)

Ndugu zangu, kimsingi, na katika muktadha wa mambo yalivyo, kumwagilia kabichi kwa ndoo na kamba katika karne hii ni aibu ambayo ofisi yangu haikuweza kuifumbia macho, na ndiyo maana miaka minne iliyopita tulianzisha mchakato shirikishi, jumuishi na endelevu wa kufunga pampu kwenye kisima hiki, mchakato ulioanza na warsha kule Tanga, ukafuatiwa na warsha ya kutathmini ile warsha, kisha ziara ya mafunzo ya siku tisa, ambapo siku ya saba tulioneshwa pampu halisi, ikiwa imezimwa, tukapiga nayo picha. (Makofi kutoka kwenye viti.) Picha hiyo ipo ofisini kwangu na mnakaribishwa kuiona siku za kazi.

Sasa nije kwenye data, maana kiongozi asiye na data ni mpiga porojo. Pampu hii ina uwezo wa kutoa lita elfu tatu kwa saa, na ikitiwa moyo, elfu nne. Itainua kipato cha mkulima kwa asilimia mia moja na arobaini katika feizi ya kwanza, na feizi ya pili itainua kile kitakachokuwa kimebaki. Utafiti wetu wa kina umebaini kwamba asilimia themanini na tatu ya wananchi wa hapa wanaiunga mkono pampu. Tuliwahoji watu sita. Watano waliunga mkono, na wa sita alikuwa amekwenda mnadani. (Sauti kutoka nyuma: “Ni mimi huyo. Siiungi mkono.”) Ndugu yangu, utafiti umeshafungwa.

Mama Rahabu, mkono wako nauona. Ushushe kwanza, maswali yana wakati wake.

Najua wapo wanaonung’unika kwamba kisima kimefungwa siku kumi na moja. Ni kweli, nilikifunga mimi mwenyewe kwa barua yenye muhuri, kwa sababu haiwezekani maji yanayokwenda kuzinduliwa na kiongozi yawe yameguswaguswa na kila mtu kabla ya siku ya uzinduzi. Nimeambiwa vilevile kwamba miche ya kabichi ya Mama Rahabu, ambayo ndiyo soko lake na ndiyo ugali wake wa mwaka mzima, imenyauka. Nimeikagua nilipokuwa nashuka kwenye gari. Haijanyauka, ndugu zangu. Imeinama kwa heshima. (Kicheko. Mama Rahabu hacheki.)

Basi, pampu yenyewe ni hiyo hapo kando ya kisima, chini ya shuka. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama, na ndiyo maana tumeifunika. Mpiga picha, acha kulivuta hilo shuka, kuna vumbi, na teknolojia haipendi vumbi. Mimi nimepigania pampu hii kwenye vikao kumi na saba, ndugu zangu, nikakosa usingizi, nikakosa chakula cha nyumbani, nikala cha vikao tu. (Makofi hafifu.)

Haya, Mama Rahabu, kwa kuwa mimi ni kiongozi msikivu, sema, ila kwa ufupi.

(Mama Rahabu anasimama. “Mheshimiwa, shikamoo. Mimi sina swali. Naomba tu kamba yangu na ndoo yangu, nikanyweshe. Miche inakufa.”)

Marahaba, mama. Ombi limepokelewa na litaingia kwenye mchakato. Tena nina habari njema: kamba yako imepandishwa cheo. Kwa kuwa utepe umekwama Mombo, kamati kwa ubunifu mkubwa imeifunga kamba yako ya katani juu ya mdomo wa kisima, na ndoo yako, hiyo inayoning’inia katikati, imetiwa maua. Naomba mkasi. Huu ni wa kukatia nywele, lakini utatosha. Kwa mamlaka niliyopewa, natamka kwamba pampu ya kisima hiki imezinduliwa rasmi.

(Anakata. Ndoo inatumbukia, chubwi.)

Mmesikia? Hiyo ni sauti ya maji. Upembuzi yakinifu umethibitishwa mbele yenu. Sasa kauli mbiu yetu: nikisema pampu, ninyi mseme inatoa. Pampu! (Viti: “Inatoa.” Waliosimama: “Wapi?”)

Namalizia kwa shukrani, ambazo katibu wangu, dada Husna, ameniandikia, nami nazisoma kama zilivyo. Nawashukuru vijana wa kamati kwa viti. Namshukuru Mchungaji kwa shuka. Namshukuru fundi Hamza kwa kutuazima cherehani yake iwekwe chini ya shuka, kwa kuwa pampu haikuwahi kuagizwa, mheshimiwa, hapa ruka, usisome. (Fundi Hamza anakwenda kulifunua shuka, anajitwika cherehani yake na kuondoka.)

Ndugu zangu, tulieni. Chakula kiko tayari, naomba maji ya kunawa. Husna, maji. Hakuna? Na kisima hiki hapa? Mama Rahabu, hebu tuchotee.

(Mama Rahabu anakiinamia kisima, anayatazama maua yanayoelea chini. “Nichote na nini, mheshimiwa? Pampu yetu ni ile kamba uliyoikata.”)

(Kinamama wanafungua khanga za mabegani na kuanza kuziunganisha kwa mafundo. Kingo za kisima zimeshazungukwa. Viti vimebaki vitupu.)

Husna, kalamu iko wapi? Andika kwenye taarifa, kwa maneno yake mwenyewe mlengwa wa mradi: pampu ilikuwepo. Asanteni sana kwa kunisikiliza.