Mustang ya Muzee Etienne

Siku ya kwanza, Jumatatu 3 Februari 2025
Auderghem, huku Ulaya. Nimeogesha muzee Etienne, mugonjwa ninayemutunza, nimemunyoa ndevu. Mapafu yake inaisha. Huu mwezi hataumaliza, na anajua. Zamani alikuwa mwalimu Bukavu. Kiswahili chake kinashinda changu.

Ndani ya garage yake muko motokari, Mustang nyekundu ya 1967. Miaka sita naitamani. Niliisha kukosa moja Molenbeek, nilingojea bei ishuke, na hata leo roho inaniuma. Hii sitaikosa.

Anataka dix mille, euro elfu kumi. Nikamuambia kama kawaida: kutu imeikula chini yote, na zile frein, breki zake, siku moja zitaua muntu. Uongo. Frein ni mpya. Lakini tunanunua vile pale soko ya Kadutu, kwetu Bukavu: ukisifu kitu mbele ya mwenyewe, umekwisha.

Siku ya tatu, 5 Februari
Josias, mwenzangu wa kazi, alikuja kunisaidia kumugeuza muzee. Alikuwa amechungulia garage. Akasema, mbele ya muzee, kama hajaona kitu kizuri vile tangu azaliwe. Mupumbavu! Nikamukanyaga muguu. Alors nikatengeneza mambo: nikasema mimi hata wakinipa bure, nitaikubali tu siku nimechoka kuishi. Muzee akageuza uso kuniangalia. Akaniuliza kama ni kweli. Nikaapa.

Bei inashuka, naisikia.

Siku ya tano, 7 Februari
Leo muzee hakusema kitu juu ya motokari. Alinishika mukono, akakataa kuuachilia. Anapumua kwa shida. Nikafikiri: cinq mille, elfu tano tu. Nasikia haya kuiandika, lakini niliifikiri.

Siku ya kwanza, 10 Februari
Muzee amekufa jana. Bibi yake wa ndoa, maman Gilberte, alinifungulia mulango. Tulilia wote wawili, na machozi yangu ilikuwa ya kweli. Kisha nikauliza, polepole, habari ya garage.

Iko tupu.

Akasema ile bei ilikuwa ya kunichekesha tu. Tangu sikukuu ya Noël muzee aliandika karatasi: motokari ni ya Polycarpe, ndiyo mimi, bure. Lakini siku ya ine, 6 Februari, akiwa kitandani, aliita watu wa kuvunja vyuma. Wakaibeba kabla ya saa sita. Alimuambia bibi yake kama Polycarpe hadanganyi, na hawezi kumuachia kitu cha kumuua.

Nikakaa kwenye ngazi.

Siku ya posho, Jumamosi 22 Februari
Tumemuzika. Bon. Josias amenipeleka Molenbeek kuona motokari ingine, Camaro ya bleu. Mwenyewe ni maman Warda. Mume wake aliiosha kila siku ya posho mupaka alipokufa. Sasa maman hawezi kuiangalia. Ni safi kabisa.

Josias akafungua kinywa. Nikamukanyaga. Nikamuambia maman, kwa heshima, kama frein zile nazijua, zinaua, na mume wake alikuwa na bahati kufa kitandani.

Maman akachukua funguo. Akafunga mulango wa garage.

Bei inashuka, naisikia.